Alalan anaishiwa na mlima

Mwambie mtu wa Ibra kwamba Omani ina msitu wa miti ya ukoo wa saiprasi, naye atakutazama kama unamtania. Miti anayoijua yeye ni mghafu uliosimama peke yake mchangani, mkunazi wa uani, mgunga wa bondeni na mtende wa falaji. Mtu wa Sur ataongeza kwamba mbao za majahazi ya babu zake zilitoka Malabari, na boriti za dari zilitoka Rufiji na Lamu, maana kwao miti ya kujengea ilikuwa haba. Na yule wa Ashkhara, ambako kusi ya Julai huleta ubaridi mpaka mlangoni wakati Maskati inaungua, hana hata haja ya kukumbuka kwamba nchi yake ina milima mirefu.

Lakini msitu upo, tena ni wa zamani. Ukitoka Nizwa ukapita Birkat al-Mawz, barabara inaanza kupanda Jabal Akhdar mpaka kwenye uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo wageni wengi husimama. Hupiga picha za matuta ya mawaridi na makomamanga, hununua chupa ya maji ya waridi, hushuka. Msitu unaanzia juu ya hapo, kwenye mita 2,100 hivi, na kuendelea mpaka karibu na kilele cha Jabal Shams kinachokaribia mita 3,000. Wenyeji huuita mti huo alalan. Wataalamu wa mimea huuita Juniperus seravschanica. Unakauka, na kwa zaidi ya miaka 20 watafiti wamekuwa wakiulizana ni nini kinachouua.

Msomaji wa Nyeri, Arusha au Lushoto anamjua nduguye alalan bila kujua kwamba anamjua. Ni mtarakwa, Juniperus procera, ule ambao mafundi wa Kenya huuita seda na ambao nguzo zake za uzio hukaa ardhini miaka na miaka bila mchwa kuzigusa. Wajerumani waliutamani sana mtarakwa wa Shume, katika milima ya Usambara, wakajenga njia ya kamba za chuma kuteremsha magogo mpaka Mkumbara kwenye reli, kwa ajili ya mbao na penseli za Ulaya. Alalan, mtarakwa na saiprasi iliyoletwa Afrika Mashariki kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, Cupressus lusitanica, wote ni ukoo mmoja. Mwerezi wa Lebanoni ni wa ukoo wa misonobari, kwa hiyo leo nauweka kando.

Kwa muda mrefu vitabu viliuhesabu mti wa Omani kuwa tawi la Juniperus excelsa, spishi iliyoenea kuanzia Ugiriki na Uturuki. Ndipo Robert Adams wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Marekani, ambaye amefanya uchambuzi wa jamii hii ya miti kuwa kazi ya maisha yake, akapima DNA ya majani yake na kuutoa huko. Alalan ni mti wa Asia ya Kati. Jina lake la kisayansi linatokana na Zeravshan, mto na milima ya Tajikistan na Uzbekistan, na ndugu zake wa damu wako huko, na Afghanistan, Iran na Baluchistan ya Pakistan. Wenye jamaa Wabulushi hawatashangaa kwamba Omani na Baluchistan zina undugu. Gwadar yenyewe ilikuwa chini ya Omani mpaka mwaka 1958.

Jambo hili si la wataalamu wa majina peke yao. Linatuambia kwamba miti ya Jabal Akhdar imesimama kwenye ncha ya kusini kabisa ya makazi ya spishi yake, imetengwa na wenzake kwa bahari na jangwa, mabaki ya zama ambapo Arabuni kulikuwa na ubaridi zaidi. Mti wa namna hiyo hauna jirani wa kumletea mbegu mpya. Ukitoweka hapa, hakuna ndege atakayeurudisha kutoka Iran.

Uchunguzi wa kina ulianza na Martin Fisher na Andrew Gardner, waliochapisha matokeo yao mwaka 1995 na 1996. Walichokiona kinaweza kusemwa kwa mstari mmoja wa mlima, mita 2,400 hivi. Juu ya hapo miti ilikuwa na majani mazito, na miche michanga ilionekana. Chini ya hapo miti mingi ilikuwa imekauka matawi ya juu, na vijana hawakuwepo. Msitu wa chini ulikuwa wa wazee watupu. Isipokuwa mahali pamoja: kwenye vijito na mabonde madogo ambamo maji ya mvua hukusanyika, hata chini miti ilikuwa na afya.

Ni vyema kuutazama mti mmoja kwa karibu, maana unasema mengi. Alalan anayekufa hafi kwa siku moja. Hukauka kuanzia nchani, matawi ya juu yakageuka rangi ya jivu na kubaki yamesimama hivyo miaka mingi, kwa kuwa mbao yake haiozi upesi. Gamba la shina huachia vipande virefu. Mara nyingi husalia ukanda mmoja tu wa gamba hai, upana wa kiganja, unaopanda kutoka mzizi mmoja hadi tawi moja la kijani, na mti mzima uliobaki ni mbao kavu. Anayepita kwa gari huona tawi la kijani na kusema mti u hai. Kwa hesabu ya mkaguzi wa misitu u hai kweli. Kwa hesabu ya mbegu, mti huo umeshamaliza kazi.

Sasa watuhumiwa. Wa kwanza siku zote ni mbuzi. Wafugaji wa Jabal Akhdar wamechunga huko karne nyingi, na mbuzi hana huruma na mche. Wa pili ni punda. Zamani ndiye aliyebeba mizigo yote ya mlimani. Barabara na magari vilipofika, wengi waliachiwa, wakageuka punda mwitu, nao hula chochote kilicho kijani na hata magamba ya miti. Wa tatu ni shoka la kuni na la ujenzi. Watuhumiwa hawa wanapendwa kwa sababu mtu anaweza kuwakamata: jenga uzio, toa amri, piga faini.

Utafiti wa Katja Brinkmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kassel, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima mimea ya mlima huo kwa kufuata mambo mawili kwa pamoja: urefu kutoka usawa wa bahari na wingi wa mifugo. Mifugo ilikuwa na madhara, hasa karibu na vijiji. Lakini mimea ipi iote wapi, jambo hilo liliamuliwa zaidi na urefu wa mlima. Mwaka 2016 Chloe MacLaren akachapisha makala katika jarida la Journal of Arid Environments, na jibu lake liko kwenye kichwa chake: mabadiliko ya tabianchi ndiyo yanayopunguza alalan wa Omani.

Nami nakubaliana naye, kwa hoja inayotokana na mti wenyewe. Mbuzi hula mche. Hapandi mita tano kukausha kilele cha mti wenye umri wa mamia ya miaka. Kama kosa lingekuwa la mbuzi pekee, tungekuta wazee wenye afya wasio na watoto. Tunachokuta chini ya mita 2,400 ni wazee wanaokufa na watoto wasiokuwepo, vyote viwili mahali pamoja, na wanaopona ni wale waliosimama penye maji. Kukauka kutoka nchani ni dalili ya kiu. Mbuzi anamalizia kazi iliyoanzwa na joto, na ndiyo maana uzio peke yake hautoshi, ingawa sisemi usijengwe.

Kiu hiyo ina hesabu yake. Saiq hupata takriban milimita 300 za mvua kwa mwaka wa kawaida, mara kadhaa ya zile za nyanda za chini, na huja kwa misimu miwili: mwisho wa kipupwe na ngurumo za Julai na Agosti. Kwa mtarakwa wa Kenya hicho ni chakula cha njaa. Alalan ameishi nacho kwa sababu juu kuna ubaridi na maji hayavukizwi haraka. Joto likiongezeka, milimita zile zile 300 zinakuwa pungufu bila mvua kupungua hata tone. Wala dhoruba haisaidii. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kilimwaga mvua ya miaka kwa siku chache juu ya milima ya Hajar, na maji mengi yalishuka mabondeni kwa kishindo na kuishia baharini. Udongo wa juu ya mawe ya chokaa ni mwembamba, hauna pa kuyaweka.

Basi mti si upande juu zaidi? Hili ndilo swali ambalo Khalid Al Farsi wa Bustani ya Mimea ya Omani, pamoja na wenzake, walilifanya kichwa cha makala yao ya mwaka 2017: je, miti ya namna hii inaweza kupanda mlima kwa kasi gani? Tufanye hesabu ya haraka. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 0.6 za Selsiasi. Kwa hiyo nyuzi moja ya ongezeko inaudai mti uhame mita 170 hivi kwenda juu ili uendelee kuishi katika hali ile ile. Mti hauna miguu. Unahama kwa mbegu, na mbegu za alalan nyingi ni tupu au zimelala usingizi mzito, hubebwa na ndege mmoja mmoja, hudondoka juu ya jiwe, na zile chache zinazoota huhitaji kivuli cha mti mzima au kichaka ili zivuke kiangazi cha kwanza. Mche uliofanikiwa utachukua miongo kabla ya kuzaa. Joto halisubiri miongo.

Na hata ungeweza kukimbia, kuna kilele. Kila ukipanda, eneo la mlima linapungua. Juu ya Jabal Shams kuna anga tu. Huko kwao Asia ya Kati alalan ana safu za milima za kukimbilia. Huku Omani ana mita mia sita hivi zilizobaki, na nyingi kati ya hizo ni mwamba mtupu.

Wenye kudhani kwamba hii ni shida ya mlima mmoja wa mkoa wa Dakhiliya watazame jirani. Mtarakwa wetu wa Afrika Mashariki uko pia Yemen na Asir ya Saudia, na mwaka 1997 Fisher huyo huyo aliandika kuhusu kudhoofika kwa mitarakwa ya hifadhi ya Raydah huko Asir, akiuliza kama hiyo nayo ni jibu kwa mabadiliko ya hali ya hewa. Ng'ambo ya pili, Jibuti, msitu wa Day katika milima ya Goda umepoteza sehemu kubwa ya mitarakwa yake; wanaotembelea huona mashina meupe yaliyosimama. Kwenye Kilimanjaro, Andreas Hemp ameonyesha jinsi ukavu unavyoleta moto unaokula misitu ya juu, hasara ambayo kwake ni kubwa kwa maji ya watu kuliko theluji inayoyeyuka tunayoililia kwenye picha. Mtarakwa una bahati moja ambayo alalan hana: huota vizuri mahali palipowahi kuungua, maana hupenda mwanga. Lakini mche huo bado utahitaji mvua.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Omani imo katika mpango wa kitaifa wa kupanda miti milioni 10, uliozinduliwa mwaka 2020. Mpango ni mwema, na mighafu na mikunazi ya Sharqiyah inauhitaji. Wasiwasi wangu ni mlimani. Mti wa kupandwa mbele ya kamera hupandwa palipo na barabara, na barabara iko Saiq, kwenye mita 2,000, chini kabisa ya mpaka ambao alalan mwenyewe ameshatuonyesha kwamba chini yake hawezi kuzaliana tena. Ukimpanda hapo bila kumwagilia kila kiangazi umempanda afe. Bustani ya Mimea na washirika wake walijaribu miche katika miinuko tofauti, mingine kwa maji na mingine bila, na majaribio hayo ndiyo yanayopaswa kuongoza kila kitalu: urefu kwanza, maji ya miaka ya mwanzo pili, idadi mwisho.

Kishawishi kingine ni kibaya zaidi. Kwa kuwa alalan hukua polepole, mtu atasema tulete saiprasi za haraka kutoka nje, zifanane nao, mlima uwe wa kijani kwa hoteli. Afrika Mashariki iliwahi kulipia wazo la namna hiyo. Kenya ilianza na Cupressus macrocarpa. Ugonjwa wa kuvu wa kidonda cha shina ukaimaliza, ikabidi kuhamia Cupressus lusitanica. Saiprasi hii ikastawi, ikawa mti mkuu wa mashamba ya serikali na wa nyua za nyumba kuanzia Limuru hadi Moshi. Mwaka 1986 vidukari wa saiprasi wakaonekana Malawi. Mwaka 1988 walikuwa Tanzania, 1989 Uganda, 1990 Kenya. Mate yao yana sumu kwa mti. Tawi wanalolinyonya hugeuka kahawia kama lililopigwa na moto, na nyua nzima nzima za Nairobi zilikauka. Hasara ilikuwa ya mamilioni ya dola.

Asili ya mdudu huyo, aliyekuja kupewa jina la Cinara cupressivora mwaka 1999, ni nchi za kati ya mashariki ya Ugiriki na kusini ya bahari ya Kaspi. Hakuja kwa mabawa yake mpaka Malawi. Miche na biashara ya mimea ndiyo njia ya kawaida ya wadudu wa aina hii. Wala hakuishia kwenye saiprasi za kigeni. Alimshika mtarakwa wa asili, na huko Malawi alikwenda kwenye mwerezi wa Mulanje, Widdringtonia whytei, mti usioota porini popote pengine duniani. Ilibidi watafiti wamtafute adui yake, nyigu mdogo sana aitwaye Pauesia juniperorum anayetaga ndani ya kidukari, wakamwachia Malawi mwaka 1994 na baadaye Kenya. Alisaidia. Lakini nani atakayekwenda kuokota vidukari kwenye majabali ya Jabal Shams?

Kwa hiyo nasema waziwazi: hata saiprasi moja ya kitalu cha nje isipandwe juu ya Birkat al-Mawz. Mbegu za alalan zichukuliwe Jabal Akhdar kwenyewe, na hasa kutoka kwenye miti ya chini inayopona mabondeni, kwa kuwa huenda hiyo ndiyo yenye damu ya kuvumilia joto. Najua wengine wangechukua mbegu za juu, kwa kuwa huko ndiko kwenye mbegu nzima nyingi. Zichukuliwe zote mbili, ziandikwe zilikotoka, zipandwe bega kwa bega, tuone.

Jambo la mwisho ni la vipimo. Mlima huu ulitangazwa hifadhi mwaka 2011, lakini hifadhi isiyopimwa ni ramani tu. Utafiti mwingi niliousimulia ulikuwa wa watu waliokuja kwa miaka michache, wakapima, wakachapisha, wakaondoka. Mti huu hausomwi hivyo. Pete za shina lake ni nyembamba mno, na katika mwaka wa ukame pete inaweza kukosekana upande mmoja wa shina, hata kuhesabu umri wake ni kazi ya kuumiza macho. Kinachohitajika ni ploti za kudumu, kila mita 100 za mwinuko, kila mti na namba yake ya bati, zirudiwe kila baada ya miaka mitano hata kama fedha za mradi zimekwisha. Chuo Kikuu cha Nizwa kiko Birkat al-Mawz, chini ya mlima wenyewe. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kina watu ambao tayari wameandika juu ya alalan. Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro na taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya huko Muguga zina uzoefu wa miongo mingi wa mtarakwa na vidukari, na kati ya wasomi wa pande hizi mbili wako wanaoelewana kwa Kiswahili bila mkalimani. Wakae pamoja, wakubaliane namna moja ya kupima, na mstari wa kwanza wa ploti uwekwe kabla ya kiangazi kijacho.